Moto, Maji na Udongo: Twahara ya Jiko la Kuchomea Nyama

Jiko la kuchomea nyama lina sehemu chache: kitako cha makaa, matundu ya hewa, na wavu wa chuma unaobeba nyama. Katika miji ya Afrika Mashariki majiko mengi ya uani hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa pipa lililopasuliwa katikati na nondo nyembamba zilizopangwa kuwa wavu. Nyama inapoiva, mafuta na majimaji yake hudondoka. Mengine huangukia makaa yakapanda tena kwa sura ya moshi. Mengine hubaki kwenye vyuma, yakaungua na kuganda kuwa ukoko mweusi. Ukoko huo haumalizwi na mlo mmoja, na anayechoma leo huchomea juu ya mabaki ya jana.

Mabaki hayo ndiyo yanayoligeuza jambo la usafi wa jikoni kuwa swali la dini. Wavu uliochomewa nguruwe Jumamosi huweza kuazimwa Jumapili kwa sherehe ambayo nusu ya waalikwa ni Waislamu, au Wasabato. Mwenye jiko hudai kwamba moto umekwishamaliza kila kitu. Mgeni huuliza kama moto una uwezo huo, kama maji yangetosha, na kama chuma chenyewe hakikunywa kitu kisichotoka. Swali hili si la juzi. Wanasheria wa dini wamelijadili kwa karne nyingi, wengine wakitaja wavu na mshikaki wa chuma kwa majina. Tofauti zao zinaonyesha jinsi kila mapokeo yanavyouelewa uchafu: kwamba umo ndani ya chuma, kwamba uko juu ya chuma, au kwamba ni jambo la dhamiri ya mlaji.

Madhabahu na Mishna

Maandiko ya Torati yana jiko lake la kuchomea, nalo ni madhabahu ya sadaka za kuteketezwa. Kutoka 27 inaitaja pamoja na wavu wake wa shaba, vyombo vya kuondolea majivu na miiko ya kuzolea. Mambo ya Walawi 6 inaamuru moto wake usizimike kamwe, na papo hapo inamwamuru kuhani avae kitani, ayaondoe majivu, kisha abadili mavazi na kuyapeleka nje ya kambi mahali safi. Moto ulikuwa mtakatifu, nyama ilikuwa takatifu, lakini jivu halikuachwa lirundikane. Kuliondoa kulikuwa sehemu ya ibada yenyewe, na kazi hiyo haikuachiwa mtumwa.

Sura hiyohiyo inatofautisha vyombo kwa maumbile yake. Chombo cha udongo kilichotokosewa nyama ya sadaka ya dhambi kinavunjwa. Cha shaba kinasuguliwa na kusuuzwa kwa maji. Hesabu 31 inaongeza kanuni ya moto. Baada ya vita na Wamidiani, Eleazari kuhani anawaagiza wapiganaji kuhusu dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi: kila kinachostahimili moto kipitishwe motoni, na bado kitakaswe kwa maji ya utakaso, kisichostahimili moto kipitishwe majini. Hata katika aya inayoupa moto nguvu kubwa kuliko zote, maji hayakuachwa.

Marabi waliifanya kanuni hiyo kuwa mfumo kamili. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200 BK, ina sehemu iitwayo Avodah Zarah inayomzungumzia Myahudi anayenunua vyombo vya jikoni kwa mtu asiye Myahudi. Vile ambavyo kawaida yake ni kutoswa majini vitoswe, vya kuchemshwa vichemshwe, kisu kinolewe. Mshikaki wa chuma na wavu wa kuchomea viwekwe motoni hadi viwake. Kanuni iliyo nyuma ya mgawanyo huu ni kwamba chombo hutoa kilichonyonya kwa njia ileile kilivyokinyonya. Sufuria ilipokea ladha kupitia maji yanayochemka, basi maji yanayochemka yataitoa. Wavu ulipokea mafuta katika moto mkavu, bila maji kati yake na nyama, kwa hiyo kuuchemsha hakutoshi.

Talmudi, mkusanyo wa marabi unaoifafanua Mishna, inaweka kipimo: chuma kichomwe hadi gamba lake la nje lidondoke. Wanasheria wa baadaye walitambua ngazi mbili. Uchomaji mzito hufikia joto la kutoa cheche. Uchomaji mwepesi hufikia joto la kuunguza unyasi unaogusishwa kwenye chuma, nao hutumika mahali ambapo sheria ingeridhika na maji ya moto. Kanuni hizo zimo katika Shulchan Aruch ya Joseph Karo, iliyochapwa Venice mwaka 1565 na baadaye kuongezewa maelezo ya Moses Isserles wa Kraków. Familia za Kiyahudi zinazoshika sheria huzifuata hadi leo zinapotayarisha vyombo kwa ajili ya Pasaka. Katika mapokeo haya uchafu umo ndani ya chuma, umenyweka, na kazi ya moto ni kuufuata hukohuko ulikojificha.

Najisi katika fikihi

Qur'ani inaharamisha nyama ya nguruwe katika Al-Baqara 173, Al-Maida 3 na Al-An'am 145, na aya ya mwisho inaieleza kuwa ni uchafu. Kuhusu vyombo, hadithi inayotegemewa ni ya sahaba Abu Thaalaba al-Khushani, aliyemweleza Mtume Muhammad (S.A.W.) kwamba wanaishi katika nchi ya Watu wa Kitabu, akauliza kama wanaweza kula katika vyombo vyao. Katika mapokezi ya Abu Daud anataja wazi kwamba watu hao hupika nguruwe katika vyungu vyao. Jibu lilikuwa kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata, wavioshe kwa maji kisha wale. Hukumu hiyo ina pande mbili: ni bora kujiepusha, na kuosha kunatosha palipo na haja.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki Waislamu wengi wa Kisuni hufuata madhehebu ya Shafii, na wanafunzi wa madrasa hukutana mapema na kitabu kidogo cha Safinat an-Najah cha Salim bin Sumeir al-Hadhrami. Humo najisi zimegawanywa tatu: nzito, nyepesi na ya kati. Nzito ni ya mbwa na nguruwe. Hutwaharishwa kwa kuosha mara saba baada ya kuondoa najisi yenyewe, na mara moja kati ya hizo maji yachanganywe na udongo. Idadi hiyo msingi wake ni hadithi ya chombo kilicholambwa na mbwa. Nguruwe aliongezwa kwa kiasi, yaani kwa kulinganisha, kwa hoja kwamba hali yake ni mbaya zaidi kuliko ya mbwa. Nyamafu ni najisi ya kati. Wavu uliochomewa mnyama aliyekufa bila kuchinjwa husafishwa hadi rangi, ladha na harufu ziondoke, na osho moja linatosha, ingawa matatu ni sunna.

Kwa mwenye jiko, neno zito katika kanuni hii ni lile la kuondoa najisi yenyewe kwanza. Maji yanayopita juu ya ukoko mzima hayahesabiwi. Ukoko ukihitaji kusuguliwa na kumwagiwa maji mara tano ili utoke, mara hizo tano huhesabiwa kuwa osho moja tu, kisha hufuata mengine sita. Wala moto haufupishi njia. Kwa Mashafii, jivu la kitu najisi ni najisi vilevile, na moshi wake pia, ila ule kidogo umesamehewa kwa sababu ya ugumu wa kuukwepa. Anayewasha makaa hadi mafuta ya nguruwe yageuke majivu amebadili sura ya najisi bila kubadili hukumu yake.

Ndani ya madhehebu hayohayo sauti haikuwa moja. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikiri kwamba kauli ya madhehebu ni mara saba, lakini akaona kwamba kwa nguvu ya dalili, osho moja bila udongo linatosha kwa nguruwe, kwa sababu hadithi ilimtaja mbwa peke yake. Kuhusu chuma kunyonya, wanazuoni walijadili kisu kilichochovywa katika maji najisi kikiwa cha moto. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii, kuosha upande wa nje kunatosha. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alitaka kichovywe tena mara tatu katika maji safi. Hoja ya Abu Yusuf inakaribia ile ya marabi, kwamba kilichoingia kwa joto kitolewe kwa joto. Hoja ya Mashafii inamkalifisha mtu yale tu anayoweza kuyaona na kuyafikia.

Mahanafi, ambao wengi wao Afrika Mashariki ni Waislamu wenye asili ya India na Pakistani, wanauthamini moto zaidi. Kauli inayofuatwa kwao ni ile ya Muhammad al-Shaybani: kitu kikibadilika kabisa umbile, hukumu yake hubadilika pia, na jivu si tena kile kilichoungua. Vitabu vyao vinatoa mfano ambao mchoma nyama yeyote ataufahamu: kichwa cha kondoo kilichopakaa damu kikibabuliwa hadi damu itoweke, kimetwaharika. Kwa rai hii wavu ulioteketezwa kweli, usibaki na mafuta wala ukoko, una hoja ya kuitwa safi. Sharti lake ni kuteketea kweli, na kuchomwa nusunusu hakutoshi.

Kinachotoka moyoni

Injili ya Marko sura ya 7 inawataja Mafarisayo na desturi zao za kuosha vikombe, mitungi na vyombo vya shaba, kisha inaleta fundisho kwamba kimtiacho mtu unajisi ni kile kitokacho moyoni. Matendo 10 inasimulia maono ya Petro juu ya wanyama wa kila aina, na Matendo 15 inawataka waumini wa mataifa wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu na nyama zilizosongolewa. Wakristo wengi walielewa kwamba wavu wenyewe hauna hukumu. Wasabato, walio wengi miongoni mwa Wagusii wa Kenya na Wapare wa Tanzania, hawali nguruwe kwa kufuata mgawanyo wa wanyama wa Walawi 11, ingawa hawana kanuni ya idadi ya maosho kama ya fikihi.

Hata hivyo Ukristo haukuliacha swali. Ulilihamishia mahali pengine. Katika 1 Wakorintho 10 Paulo anaruhusu kula chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Lakini mtu akisema kwamba nyama hiyo imetolewa kwa sanamu, asile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Warumi 14 inaendeleza hoja: aliye huru kula asimkwaze ndugu yake kwa chakula. Hapa hukumu haitazami ukoko. Inatazama kile ambacho mwenyeji anakijua na namna anavyomtendea mgeni anayejali asichokijali yeye.

Mapokeo mengine yanafaa kutajwa kwa ufupi. Sheria za Manu za Kihindu, katika sura ya 5, zinaagiza vyombo vya madini visafishwe kwa majivu, udongo na maji, na vya udongo vichomwe upya. Kwa Wazoroasta, dini iliyoletwa Zanzibar na Waparsi, mwelekeo umegeuka kabisa: moto ndio mtakatifu unaopaswa kulindwa dhidi ya uchafu, kwa hiyo kuutumia kuteketeza takataka ni kuukosea. Kwao swali la kama moto unausafisha wavu lingetanguliwa na lingine, la kama ni halali kuupa moto kazi hiyo.

Chuma, joto na majivu

Maumbile ya vitu yanaeleza kwa nini wanasheria hawakukubaliana juu ya moto. Mafuta yakipata joto jikoni huungana na hewa, hukaza na kuwa utando mgumu. Joto likizidi, utando huo huungua kuwa kaboni nyeusi. Ili kaboni nayo iteketee, inahitajika karibu nyuzi 500 za selsiasi, kiwango kinachotumiwa na majiko ya umeme yanayojisafisha yenyewe. Makaa yanayowaka vizuri hupita kiwango hicho, lakini wavu ulioinuliwa kwa kimo cha kuchomea hupata joto la chini zaidi. Ndiyo maana kuacha makaa yawake kwa dakika chache kabla ya kupanga nyama huua vijidudu, ambavyo vingi hufa kabla ya nyuzi 100, lakini hakuondoi ukoko. Afisa wa afya ataridhika mapema sana kuliko rabi, na Mshafii hataridhika hata rabi akiridhika, kwa kuwa bado anasubiri maji na udongo.

Udongo na majivu navyo vina kazi inayoonekana. Chembe zake husugua, na majivu ya kuni yakichanganyika na maji hutoa magadi yanayogeuza mafuta kuwa aina ya sabuni. Wanawake waliosugua masufuria kwa majivu na mchanga vijijini walilijua tokeo hilo bila kuhitaji jina lake. Lakini wanazuoni wengi hawakuijenga kanuni ya udongo juu ya faida hiyo. Waliichukua kuwa ibada inayotekelezwa kwa utii, na kwa kauli yenye nguvu kwa Mashafii sabuni haishiki nafasi ya udongo, hata kama inasafisha vizuri zaidi.

Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walele wa Kasai nchini Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966, Purity and Danger, kwamba uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake. Nadharia hiyo inafaa kwa ukoko wa wavu: mafuta yaliyoungua juu ya mbavu za mbuzi ndiyo utamu unaolipiwa, na yaleyale yakibaki kwenye chuma ni uchafu. Lakini nadharia ina mpaka wake. Kwa Mwislamu au Myahudi nguruwe hana mahali pake panapofaa jikoni. Katazo halitokani na mpangilio wa vitu tu, bali na amri, na anayetii anajua kwamba anatii.

Utaratibu wa kusafisha

Anayetaka kulitayarisha jiko kwa watu wa dini mbalimbali afuate njia inayoridhisha kauli iliyo kali. Jiko lipoe kwanza, majivu yote yazolewe na kumwagwa. Majivu yanayoachwa hunyonya unyevu na kulitia kutu pipa. Wavu utolewe, ulazwe moja kwa moja juu ya makaa mapya yaliyokolea hadi ukoko ukauke na kupukutika. Wavu uliopakwa zinki usichomwe hadi kuwa mwekundu, kwa sababu moshi wa zinki hudhuru mapafu. Baada ya kupoa ukwanguliwe kwa kipande cha chuma au brashi ya waya. Brashi iliyochakaa itupwe: mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa ya wagonjwa waliomeza nyuzi za brashi zilizobaki kwenye wavu na kuumia koo au utumbo.

Chuma kikishabaki kitupu, wavu uoshwe kwa maji ya moto na sabuni ili mafuta yaishe. Hapo ndipo maosho saba yaanze, moja likiwa na udongo safi, maji yakifika kila upande na kwenye maungio ya nondo ambako mafuta hujificha. Koleo, uma na brashi ya kupakia viungo vioshwe vivyo hivyo, kwani mara nyingi wavu husafishwa na koleo likasahauliwa. Brashi ya manyoya au mti ulionyonya mafuta ni rahisi kuubadilisha kuliko kuubishania. Mwisho wavu ukaushwe juu ya moto na kupakwa mafuta ya kula ya mimea, yanayozuia kutu na nyama kunata. Wenye uwezo hununua wavu wa pili kwa ajili ya wageni, na hilo ndilo lililo karibu zaidi na sehemu ya kwanza ya jibu alilopewa Abu Thaalaba.

Amana ya mwenye jiko

Kazi yote hiyo haionekani kwa mgeni. Wavu uliooshwa mara saba na uliooshwa mara moja hufanana machoni. Fikihi inamrahisishia mgeni kwa kanuni kwamba yakini haiondoki kwa shaka: asili ya chombo ni twahara, na dhana tupu haimlazimishi kuhoji. Paulo alifika mahali pa karibu na hapo alipowaruhusu Wakorintho wale bila kuulizauliza. Sheria zote mbili zinampunguzia mzigo asiyejua, na kwa hiyo zinamwongezea anayejua. Mwenye jiko anayesema wavu ni safi hali anajua ulichomewa nini, na kwamba haukuoshwa, amemfanya mgeni atende asilolikusudia. Dini haimhukumu mgeni huyo. Humhukumu mwenye jiko.

Uzito wa jambo hili si wa nadharia. Februari 2013 ubishi juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa uligeuka ghasia huko Buseresere, mkoani Geita nchini Tanzania, na mchungaji mmoja akauawa. Jamii zinazokula pamoja zinahitaji kuaminiana juu ya mambo ya jikoni kuliko zinavyohitaji kukubaliana juu yake.

Kwa hiyo jibu la swali la moto ni hili. Moto peke yake unatosha kwa baadhi ya mapokeo, tena kwa joto ambalo jiko la kawaida halilifikii wavu ukiwa mahali pake. Kwa mengine hautoshi kabisa. Kuondoa mabaki kwa mkono kunahitajika karibu kwa wote. Mwenye jiko asiyeweza kutimiza hayo aseme ukweli kabla nyama haijapangwa motoni, na mgeni apewe chakula kilichopikwa katika chombo kingine.